Chanda Chema na Pete Yake

Hotuba ya kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampa mkono na vidole vya kushikia, kuandikia na kulia, kisha akamhalalishia pambo lililo safi na kumkataza lile lililo na madhara kwa dini yake na nafsi yake. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu mliohudhuria, na ninyi ndugu mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, tunajiusia nafsi zetu kwanza, kisha tunawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu katika mambo makubwa na katika mambo yanayodhaniwa kuwa ni madogo. Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi watasema ni dogo mno hata lisifae kupandishwa juu ya mimbari. Jambo lenyewe ni pete, tena pete avaayo mwanamume.

Wako watakaouliza: Je, maalim amekosa la kusema? Mvua zimetuchelewea, bei ya ufuta imeshuka, ndovu wameingia mashambani, naye anazungumza habari za pete! Tunawajibu ndugu hao kwamba wavute subira. Sisi nasi tulikuwa na fikira hiyo hiyo, mpaka yalipotufika mambo mawili tutakayoyasimulia hivi punde, tukatambua kwamba katika kipande kidogo cha madini kinachozunguka kidole mnaweza kuingia kiburi, mkaingia woga wa wanazuoni, na mkaingia hata ushirikina.

Ndugu Waislamu, na tuanze na hukumu, kwani hukumu ndiyo msingi. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume na ni halali kwa mwanamke. Imepokewa kwa Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa dhahabu na hariri vimeharamishwa kwa wanaume wa umma wake na vimehalalishwa kwa wanawake wao. Haramu hii haichagui wingi wala uchache wa karati. Dhahabu ya karati ishirini na mbili ni dhahabu, na ya karati tisa ni dhahabu. Hata ile wanayoiita dhahabu nyeupe, ambayo wengi hudhani ni fedha kwa sababu ya rangi yake, ni dhahabu iliyochanganywa na madini mengine, basi hukumu yake haibadiliki. Tena yule anunuaye pete ya fedha iliyopakwa maji ya dhahabu asijidanganye, maana mafundi wa fiqhi wamekataza kupaka huko kwa mwanamume.

Ama pete ya fedha, tuna maana ya madini ya fedha, hiyo ni halali kwa mwanamume kwa itifaki ya wanazuoni, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuyafuatayo pwani hii yote, kuivaa ni sunna. Uzito wake usipite kiasi kinachojulikana kwa watu wa hali yake. Baadhi ya wanazuoni wameukadiria kuwa usizidi mithqali moja, nayo ni kama gramu nne na robo. Pete ya chuma au ya shaba haikukatazwa kwa kauli yenye nguvu ya Imamu Nawawi, kwani Bwana Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu aliyetaka kuoa naye hana mahari kwamba akatafute japo pete ya chuma. Vito navyo, kama akiki, feruzi, yakuti na ile tanzanaiti yetu iliyogunduliwa Mirerani mwaka 1967, si haramu kwa mwanamume kuviweka juu ya pete yake ya fedha, mradi isiwe israfu wala majivuno.

Na ijulikane pia kwamba sheria hii ni ya huruma. Sahaba mmoja, Arfaja bin As'ad (R.A.), alikatwa pua vitani. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamharibikia na kutoa harufu, ndipo Bwana Mtume (S.A.W.) akamruhusu ajitengenezee ya dhahabu. Basi mwenye haja ya kweli ya tiba hazuiwi. Kinachozuiwa ni mwanamume kujipamba kwayo.

Sasa na tuitazame pete ya Bwana Mtume mwenyewe (S.A.W.). Baada ya suluhu ya Hudaibiya, yapata mwaka 628 kwa hesabu ya miladi, alikusudia kuwaandikia wafalme wa dunia barua za kuwaita kwenye Uislamu. Akaambiwa kwamba wafalme hao hawaipokei barua isiyopigwa muhuri. Ndipo akatengenezewa pete ya fedha, ikachorwa maneno matatu katika mistari mitatu, Muhammad mstari mmoja, Rasul mstari mmoja, na jina la Allah mstari mmoja. Akawakataza watu wengine kuchora maneno hayo hayo katika pete zao, ili muhuri wa dola usighushiwe. Na imepokewa kwamba alikuwa akikigeuza kito cha pete yake upande wa kiganja.

Zingatieni jambo hili, enyi ndugu. Pete ile ilikuwa na kazi. Ilikuwa chombo cha ofisi, kama vile leo katibu wa kijiji alivyo na muhuri wa mpira mezani pake. Na mwenye pete ile, aliyekuwa bora wa viumbe, hakukielekeza kito chake kwa watazamaji bali alikielekeza kwenye kiganja chake mwenyewe. Je, sisi tunapovaa pete huielekeza wapi? Tunapoingia barazani, mkono wenye pete ndio unaotangulia kusalimia, na tunapozungumza, mkono huo ndio unaopaa hewani.

Kabla ya hapo, imepokewa kwa Abdullah bin Umar (R.A.) kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alivaa pete ya dhahabu, na watu nao wakavaa. Kisha akaitupa, akasema hataivaa tena kamwe, na watu wote wakazitupa zao. Na imepokewa kwa Abdullah bin Abbas (R.A.) kwamba alimwona mtu mwenye pete ya dhahabu mkononi, akaivua kwa mkono wake mtukufu na kuitupa chini, akaeleza kwamba mtu huyo ni kama aliyekwenda kuchukua kaa la moto akaliweka mkononi mwake. Alipoondoka, watu walimwambia yule bwana aiokote pete yake apate kunufaika nayo, maana kuiuza au kumpa mkewe kulikuwa halali kwake. Akaapa kwamba hatakichukua kamwe kitu kilichotupwa na Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Ndugu zetu, hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la kwanza katika yale mawili tuliyoahidi kuyasimulia. Tunalisimulia kwa aibu, kwa sababu kosa lenyewe ni letu.

Palikuwa na mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, hatutamtaja jina. Alikuwa mtu wa heri. Msikiti mmoja katika wilaya zetu hizi ulipoezuliwa na upepo, yeye ndiye aliyenunua mabati, na kila mwezi wa Ramadhani alileta mchele na tende kwa ajili ya futari ya wasafiri. Mzee huyu alivaa pete ya dhahabu kwenye kidole cha nne, kile ambacho lugha yetu yenyewe imekiita kidole cha pete. Kwa miaka mingi tulimwamkia shikamoo, naye akatuitikia marahaba, na kila tulipoushika mkono wake tuliigusa pete ile kwa vidole vyetu. Tulijua hukumu. Tulikuwa tumeisoma madrasani tukiwa vijana wadogo, tukaisoma tena chuoni kwa dalili zake. Nasi tulinyamaza. Tulijiambia kwamba ni mtu mzima, kwamba amefanya mengi mema, kwamba tutamweleza siku nyingine tukiwa faragha. Na ndani ya nafsi zetu, Mwenyezi Mungu atusamehe, tuliyakumbuka yale mabati.

Akafariki ghafla usiku mmoja. Tukaitwa kumkosha. Mkono ulikuwa umevimba, na pete haikutoka. Tukapaka sabuni, tukazungusha uzi chini yake, tukaivuta taratibu kama anavyovutwa mtu aliye hai asiumie, kwa kuwa maiti naye ana heshima yake. Ilichukua muda mrefu. Mwanawe alikuwa amesimama hapo akishika taa, akauliza kwa sauti ya chini, "Maalim, kwani hii ilikuwa haifai?" Tukamwambia kwamba haifai. Akauliza tena, "Na baba alijua?"

Hatukuwa na jawabu. Huenda alijua na huenda hakujua, lakini sisi tulijua, tena tulikuwa na miaka ya kumwambia. Pete ikatoka, tukamkabidhi mwanawe, kwa sababu mali ya maiti ni ya warithi na haifai kuzikwa ardhini ikapotea. Ikaingia katika mirathi pamoja na shamba la mikorosho na nyumba. Ama sisi, swali la kijana yule halijatutoka mpaka leo tunaposimama hapa.

Basi tunawaambia wanazuoni wenzetu, maimamu na walimu wa madrasa: msimwogope mtu kwa ajili ya mabati yake. Mnasihini kwa adabu, faraghani, kwa maneno laini, lakini mnasihini angali hai. Na tunawaambia ninyi wazee wetu na matajiri wetu: mkinasihiwa na kijana aliye mdogo kwenu, msimwone amekosa heshima. Heshima kubwa anayoweza kukupa mtu ni kukutakia usalama mbele ya Mola wako. Na mwenye pete ya dhahabu leo asione ugumu. Aivue akitoka hapa, ampe mkewe au binti yake, au aipeleke kwa sonara na thamani yake aitumie. Sheria haikumwamrisha aitupe mtoni.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, jambo la pili ni zito kuliko la kwanza. La kwanza ni maasia, na la pili linagusa tauhidi.

Msimu mmoja uliopita alitujia kijana baada ya sala ya Isha. Akakaa mpaka watu wote wakaondoka. Kisha akavua pete kidoleni na kuiweka juu ya mkeka mbele yetu. Ilikuwa pete nyeupe yenye jiwe jekundu. Akasema kwamba aliuza ufuta wake wote wa mwaka ule, na mtu mmoja apitaye vijijini akamwambia kwamba pete hiyo ina khadimu wake, yaani jini, na kwamba aivaaye hufunguliwa riziki, hupendwa na wakubwa, na hata mamba wa mtoni na ndovu wa shambani humkwepa. Akatoa fedha zote za ufuta. Mwezi wa pili yake mtoto wake alishikwa na homa kali, na nyumbani hapakuwa na nauli ya kumpeleka hospitali kule Utete. Mkewe alikwenda kukopa kwa jirani. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini deni lilibaki, na mke akasema neno moja tu: kwamba ile pete ingeuliza kwanza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Kijana akatuuliza, "Maalim, naweza kuiuza nirudishe hata nusu?" Tukamwambia, "Mwanangu, ukiiuza kwa jina la bahati, utakuwa umemfanyia mwenzio kama ulivyofanyiwa. Ukiiuza kama fedha, kwa uzito wake, hilo ni halali." Akaipeleka kwa sonara mjini. Sonara akaikwaruza kidogo chini, akamwonyesha rangi ya shaba iliyokuwa ndani. Lile jiwe nalo lilikuwa kigae cha chupa.

Tunasema hivi, ndugu Waislamu: hata lau ingalikuwa fedha safi na yakuti ya kweli, hukumu ni ile ile. Imepokewa kwa Imran bin Husayn (R.A.) kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alimwona mtu mwenye duara la shaba mkononi, akamuuliza ni la nini, naye akasema ni kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Akamwamrisha alivue, akamweleza kwamba halitamzidishia ila udhaifu. Na Qur'ani Tukufu, katika sura ya Al-An'am, aya ya 17, inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu akimgusisha mtu dhara hapana wa kuiondoa ila Yeye, na akimgusisha heri basi Yeye ni Muweza wa kila kitu. Hapakutajwa jiwe, wala shaba, wala jini.

Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliposimama mbele ya Jiwe Jeusi la Al-Kaaba, jiwe ambalo hakuna tukufu kuliko hilo duniani, alilikabili akatangaza kwamba anajua hilo ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa kuwa alimwona Bwana Mtume (S.A.W.) akilibusu. Ikiwa jiwe la Al-Kaaba halinufaishi wala halidhuru, jiwe la kwenye pete lililonunuliwa stendi litanufaisha nini?

Na tuikumbuke pete ile ile ya Bwana Mtume (S.A.W.). Baada yake ilivaliwa na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Siku moja Sayyidna Uthman alikuwa ameketi penye kisima cha Aris, huko Madina, akiichezeacheza pete kidoleni, ikamponyoka na kutumbukia kisimani. Wakaitafuta siku tatu, wakayateka maji yote, wasiione. Ikapotea pete iliyokuwa kidoleni mwa Mtume mwenyewe. Je, Uislamu ulipotea? Qur'ani iliendelea kusomwa, sala ikaendelea kusimamishwa, na barua za dola zikaendelea kuandikwa kwa muhuri mwingine. Lau dini hii ingalikuwa imefungwa katika pete, ingalizama kisimani siku ile.

Ndugu zetu, sisi watu wa Ngarambe tuna sababu ya pekee ya kulifahamu somo hili, kwa kuwa historia ilipita katika kijiji chetu hiki. Hapa ndipo alipokuwa akikaa Kinjikitile Ngwale. Mwaka 1904 ilienea habari kwamba ameingia katika kidimbwi cha mto akatoka salama, na watu wakamiminika kutoka Umatumbi, Ukichi na nchi za mbali kuja kuchukua maji yaliyosemekana kwamba yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwezi Julai 1905 vita vikaanza kule Nandete kwa kung'oa mashina ya pamba. Tarehe 4 Agosti mwaka ule ule Kinjikitile akanyongwa na Wajerumani Mohoro. Vita vikaendelea mpaka mwaka 1907, vikaenea kusini yote. Risasi hazikugeuka maji. Wajerumani wakachoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 75,000 na kufika 300,000.

Tunawaomba mtufahamu vyema. Hatusimami hapa kuwabeza wazee wetu. Walikuwa mashujaa. Walikataa dhuluma ya kulimishwa pamba kwa kiboko, na kukataa dhuluma ni jambo tukufu. Umoja waliouonyesha, wa makabila yaliyokuwa hayajuani, taifa letu linaujivunia kwa haki. Lakini ushujaa wao ulikuwa wa kweli, na ahadi ya maji haikuwa ya kweli, na aliyelipia tofauti hiyo ni mama aliyebaki na watoto bila chakula. Sasa ikiwa wajukuu wa watu hao, tena Waislamu wasomao Al-Fatiha mara kumi na saba kila siku, watakwenda kununua kinga kwenye pete, tutasema tumejifunza nini katika zaidi ya miaka mia moja?

Tunasema kauli hii, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi, ninyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

Hotuba ya pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika hotuba hii ya pili tunapenda kutaja baadhi ya mambo ya kutendea kazi, ili mtu asitoke hapa na maneno matupu.

La kwanza ni kidole. Sunna kwa mwanamume ni kuvaa pete katika kidole cha mwisho, kile kidogo. Imepokewa kuvaa mkono wa kulia na imepokewa kuvaa mkono wa kushoto, basi watu wasigombane kwa hilo. Sayyidna Ali (R.A.) amepokea kwamba alikatazwa kuivaa katika kidole cha kati na kile kinachokifuatia, yaani cha shahada, na wanazuoni wamelihesabu hilo kuwa ni makuruhu kwa wanaume.

La pili ni udhu. Mwenye pete inayobana aitikise au aivue mpaka maji yafike chini yake. Sehemu ikibaki kavu, udhu haukutimia, na sala iliyojengwa juu yake haikutimia. Na mwenye pete iliyoandikwa jina la Mwenyezi Mungu aivue kabla ya kuingia chooni.

La tatu linatuhusu sana sisi tunaopakana na mbuga. Wako wanaovaa pete na bangili zilizosukwa kwa singa za mkia wa ndovu, wakidai ni za bahati, na wako wanaotamani pete za pembe zake. Jueni kwamba ndovu haliwi, na kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu singa zake na pembe zake ni najisi. Anayesali hali amezivaa amesali akiwa amebeba najisi, na sala yake haisihi. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za serikali bila kibali. Nanyi mnajua yaliyotokea. Katika hesabu ya mwaka 1976 pori la Selous lilikuwa na ndovu zaidi ya laki moja, na katika hesabu ya mwaka 2013, pamoja na Mikumi, walibaki kama 13,000. Ndovu huyu anatuharibia mpunga, hilo ni kweli, na mwenye shamba ana haki ya kulalamika na kulipwa. Lakini kuharibiwa shamba hakuhalalishi kuvaa najisi wala kuvunja sheria.

La nne ni pete ya ndoa. Vijana hutuuliza kama ndoa husihi bila pete. Nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko. Pete haimo. Anayetaka kumpa mkewe zawadi ya pete ya dhahabu, hiyo ni hisani njema. Ama bwana harusi mwenyewe asivikwe ya dhahabu mbele ya watu akidhani siku ile ina ruhusa yake, wala yeyote asiitakidi kwamba pete ndiyo inayofunga au kudumisha mapenzi. Mapenzi hudumishwa na wema, matumizi na kustahiana. Tumewaona watu wenye pete mbilimbili ambao wake zao wanalala na njaa.

La tano, enyi wazazi, ni watoto wetu wa kiume. Mtoto akirudi na pete asiyokuwa nayo jana, muulizeni kwa upole ameipata wapi, ni ya nini, na nani amempa. Huenda ni pambo tu, basi mfundisheni adabu zake. Huenda ameuziwa tumaini, na hapo ndipo anapowahitaji ninyi kabla hajamhitaji tapeli.

Ndugu Waislamu, wahenga wetu walisema: chanda chema huvikwa pete. Tazameni walivyopanga maneno yao. Walianza na chanda, wakakisifu kwa wema, kisha ndipo ikaja pete. Hawakusema kwamba pete hukifanya chanda kuwa chema. Basi kila mmoja wetu na akitazame chanda chake. Kimeandika nini? Kimehesabu fedha za nani? Kimemnyooshea nani kwa dharau, na kimempangusa nani machozi? Siku itakuja ambayo vidole hivi vitavuliwa kila kitu na watu wengine, kwa sabuni na uzi, na mwenyewe hataweza hata kuvikunja. Heri tuvivue wenyewe leo yasiyofaa, maadamu bado vinatii.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa yale tuliyoyajua tukanyamaza, na kwa yale tusiyoyajua tukatenda. Wasamehe wazee wetu waliotutangulia, walioezeka misikiti yetu na kutulea. Ewe Mola, wahifadhi wavuvi wetu wa delta na wakulima wetu wa bonde la Rufiji kutokana na gharika, na ukame, na wanyama wakali, kwani hapana mlinzi ila Wewe. Wape wagonjwa wetu afya, wenye madeni wepesi, na vijana wetu akili ya kumtambua anayewahadaa. Ijalie nchi yetu amani, na viongozi wetu uadilifu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Mola wenu anaamrisha uadilifu, na hisani, na kuwapa jamaa wa karibu, na anakataza machafu na maovu na dhuluma. Mkumbukeni naye atawakumbuka, mshukuruni atawazidishia. Simamisheni sala.